Makala nayo hutengenezwa

Juzi nilikuwa kijiweni kwa muuza kahawa, Magomeni, nikasema kwamba makala, yaani filamu ya watu na matukio halisi, ya mwanasoka mmoja niliyoitazama wiki ile ni dhaifu. Kaka mmoja, mtu anayeujua mpira kuliko watangazaji wengi, akaweka kikombe chini. "Dada, hapo unamkosoa nani? Magoli kayafunga, kamera imeyachukua. Kosoa zile za magari kuruka juu ya maghorofa, maana zile ni za kutunga." Kijiwe kizima kikaafiki. Nililipa kahawa yangu nikaondoka, na tangu siku hiyo namjibu moyoni. Leo namjibu kwa maandishi, kwa sababu maneno hayohayo nimeshaambiwa na wanafunzi, na shemeji yangu, na hata mtu aliyekuwa akinilipa nimharirie makala yake.

Nimekaa kwenye meza ya uhariri miaka 14. Nusu ya kazi zangu ni makala, nusu ni filamu za kutunga. Kamera haijawahi kunikabidhi hadithi. Hunikabidhi picha ghafi, nyingi na za kuchosha: mtu anakohoa, umeme unakatika, kocha anajikuna shingo. Hadithi naitafuta mimi na mwongozaji, na tukishaipata tunatupa kila kisichoihusu. Hoop Dreams ya mwaka 1994, makala ya vijana wawili wa Chicago, William Gates na Arthur Agee, wenye ndoto ya kucheza mpira wa kikapu wa kulipwa, ilitokana na takriban saa 250 za picha. Mtazamaji anaona chini ya saa tatu. Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015, filamu ya kutunga ambayo sehemu kubwa ilipigwa jangwani Namibia, ilimfikia mhariri Margaret Sixel ikiwa na saa 480 hivi. Mtazamaji anaona saa mbili. Kaka yangu wa kijiweni moja anaiita ukweli, nyingine uongo. Mezani ni kazi ileile: kipi kikae, kipi kitoke, kipi kitangulie kipi. Wahariri wa Marekani walilitambua hilo zamani. Hoop Dreams ilinyimwa uteuzi wa Oscar ya makala bora, watu wakapiga kelele sana, lakini ikateuliwa kuwania Oscar ya uhariri, ikasimama safu moja na Pulp Fiction na Speed.

Kinachonikera zaidi ni kwamba sisi watazamaji wa Kiswahili ndio tuliopaswa kulielewa hili mapema kuliko wengine. Tumekulia kwenye vibanda umiza. Tumemsikiliza Lufufu huku Tanzania na DJ Afro kule Kenya wakiweka sauti zao juu ya filamu za watu, na jambazi wa kutisha akageuka kuwa mchekeshaji wa mtaani mwenye madeni. Picha haikubadilika hata moja. Ilibadilika sauti, na filamu ikawa nyingine kabisa. Mtoto aliyelipa kiingilio akakaa chini kwenye mkeka alilielewa bila kufundishwa. Leo mtoto huyo ni mtu mzima, analipia filamu kwa mwezi, anaona mchezaji akitembea taratibu kwenye njia ya kuingilia uwanjani huku vinanda vinalia, na sauti nzito inamwambia kwamba huyu bwana alikuwa mpweke. Naye anaamini kwamba upweke ule umeonwa na kamera.

Chukueni mfano wa Eliud Kipchoge, mkimbiaji wa marathoni wa Kenya. Muulize mtu yeyote rekodi ya dunia ya marathoni kwa wanaume. Wengi watakujibu saa 1:59:40. Muda huo haujawahi kuwa rekodi ya dunia. Ni muda aliokimbia Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, kwenye bustani ya Prater, katika mbio zilizoandaliwa kwa ajili yake peke yake. Waweka kasi 41, wakimbiaji wa kumsaidia kushika mwendo, walipokezana. Gari lililotangulia lilimulika barabara kwa miale ya leza kuonyesha kasi inayotakiwa. Vinywaji aliletewa kwa baiskeli. Kwa sababu hizo muda ule hauingii kwenye vitabu vya rekodi, na waandaaji hawakuwahi kulificha hilo. Rekodi yake rasmi wakati huo ilikuwa 2:01:39, ya Berlin 2018. Baadaye aliishusha hadi 2:01:09, Berlin hukohuko, 2022. Kisha Mkenya mwenzake, Kelvin Kiptum, akakimbia 2:00:35 mjini Chicago, Oktoba 2023.

Kwa nini basi kichwani imebaki 1:59:40? Kwa sababu ndiyo yenye picha. Mita za mwisho waweka kasi wanampisha, anakimbia peke yake mbele, anawanyooshea kidole watu waliojaa kando ya barabara, anavuka mstari, anamkumbatia mkewe. Tazameni mpangilio huo vizuri. Watu walewale waliomkinga upepo njia nzima wanarudi nyuma, fremu inabaki na mtu mmoja. Hapo mhariri hajashika hata kipande kimoja, na tayari tukio limekaa kama filamu. Kanuni za riadha hazina picha ya namna hiyo, zina vifungu tu. Kifungu kikishindana na kumbatio, kifungu kitashindwa kila siku.

Hapa ndipo watu hunisikia vibaya, kwa hiyo nitakwenda polepole. Sisemi Kipchoge hakukimbia. Amekimbia kilomita 42.195 kwa miguu yake, na siku ile nililia mbele ya televisheni kama Wakenya wote. Nasema mbio ni kitu kimoja na filamu ya mbio ni kitu cha pili. Mimi nahakiki hicho cha pili. Tena zipo filamu mbili ambazo ukiziweka bega kwa bega unauona ufundi wazi. Breaking2 ya mwaka 2017 ilitengenezwa na National Geographic kwa kushirikiana na Nike, kampuni iliyoandaa jaribio lenyewe kwenye uwanja wa mbio za magari wa Monza. Kipchoge alimaliza kwa 2:00:25, akakosa lengo la kushuka chini ya saa mbili kwa sekunde chache. Kipchoge: The Last Milestone ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Jake Scott, inahusu Vienna, ambako alifanikiwa. Mwanariadha ni yuleyule, lengo ni lilelile, hata mbinu zinafanana. Kwa macho yangu ile ya kushindwa ni filamu bora. Mhariri wake hakuwa na ushindi wa kuegemea, ikabidi autafute uzito kwenye nyuso, kwenye saa inayosogea, na kwa wenzake wawili, Lelisa Desisa na Zersenay Tadese, wanaoachwa nyuma. Ile ya pili inajua kwamba itashinda, na tangu mwanzo inamtazama Kipchoge kama mtume. Nilipoandika hivyo niliambiwa nina wivu na Wakenya. Nampenda Kipchoge kiasi cha kutaka atengenezewe filamu inayomwona kama mtu.

Nani kalipia filamu ni swali la lazima, ila lisiwe la mwisho. The Last Dance ya mwaka 2020, makala ya mchezaji wa kikapu Michael Jordan, ilihusisha kampuni ya Jordan mwenyewe. Beckham ya mwaka 2023 ilihusisha kampuni ya Beckham. Wahakiki wengi wakishaandika sentensi hiyo wanaona kazi imekwisha. Haijaisha. The Last Dance ina jambo moja ambalo ninaliheshimu: Jordan anakabidhiwa kishikwambi, anatazama maneno ya watu waliomsema, na sisi tunamwona anavyoyapokea. Kishikwambi kiko ndani ya fremu. Tunajua hasa anakitazama nini. Makala nyingi hukata uso wa mtu uliochukuliwa saa mbili kabla, akisikiliza swali jingine kabisa, zikaubandika baada ya tuhuma. Mimi nimeombwa kufanya hivyo zaidi ya mara tano. Mara mbili nilikubali.

When We Were Kings, makala ya ndondi, nitaipitia kwa haraka ingawa inastahili siku yake. Pambano la Ali na Foreman lilipiganwa Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974. Filamu ilitoka 1996, kwa sababu mwongozaji wake, Leon Gast, alihangaika na fedha miaka yote hiyo. Wale waandishi wa Marekani, Norman Mailer na George Plimpton, wanaotufafanulia kila ngumi wanaongea wakiwa wameshazeeka, wanajua kila kitu, na maneno yao yamewekwa juu ya picha za watu ambao siku ile hawakujua lolote. Wakongo wanapiga kelele "Ali boma ye", nasi wa Kiswahili tunaofikiria boma la ng'ombe inabidi tukumbushwe kwamba hicho ni Kilingala, wanasema muue. Foreman hapewi kiti cha kukumbuka kwa upande wake. Yote hayo ni maamuzi, na filamu ni nzuri mno kwa sababu ya baadhi yake. Kosa la kumwacha Foreman bado naliona ni kosa.

Sasa zile za magari. Imani ya kijiweni ina upande wa pili, kwamba filamu ya fedha nyingi ni ya kuzima akili, kwa hiyo nayo haihitaji kuhakikiwa. Tazameni F1 ya Joseph Kosinski, ya mwaka 2025, filamu ya mbio za magari za Formula 1. Dereva wake mzee anayerudi ulingoni ni wa kutunga, na kisa chake kimeshasimuliwa mara nyingi. Lakini picha zilianza kupigwa Silverstone, uwanja wa mbio wa Uingereza, Julai 2023, ndani ya wikiendi ya mashindano halisi. Magari yalijengwa kutokana na ya Formula 2, daraja lililo chini ya Formula 1, na Brad Pitt na Damson Idris wameyaendesha wenyewe. Shingo zinatikisika kweli. Ukipiga kona na kamera iliyofungwa kwenye gari, mwili wako unajua kwamba haudanganywi. Nilichokikosoa mimi ni watangazaji wa mbio waliowekwa ndani ya filamu. Hawanyamazi. Tairi limekwisha, tumeliona, wanatuambia limekwisha. Kapitwa, tumeona, wanatuambia kapitwa. Huo ni mwongozaji asiyeamini picha zake, na picha alikuwa nazo.

Halafu weka pembeni yake Drive to Survive, mfululizo wa makala za madereva halisi wa mchezo huohuo. Max Verstappen, bingwa wa dunia wa 2021 hadi 2024, alikataa kuhojiwa kwa muda kwa sababu, kwa maelezo yake, walitengeneza ugomvi kati ya madereva ambao haukuwepo. Basi kwenye filamu ya kutunga tuna mzunguko wa kweli wa Silverstone, na kwenye makala tuna uhasama ambao bingwa mwenyewe anasema hakuujua. Nilitamani kumwuliza kaka yangu hapo uongo uko wapi, lakini alikuwa ameshahamia kwenye usajili wa Simba.

Kuna mambo ambayo mimi mwenyewe sina uhakika nayo. Darasani nafundisha jaribio la Lev Kuleshov, mwongozaji wa Kirusi wa zamani: uso mmoja wa mwigizaji, ukiwekwa baada ya bakuli la supu anaonekana ana njaa, baada ya jeneza anaonekana ana huzuni. Vitabu hulisimulia kama sheria ya maumbile. Picha zenyewe hazijabaki, na watafiti waliolirudia baadaye hawakupata matokeo hayo kila mara. Naendelea kulifundisha kwa sababu naliona likifanya kazi mezani, lakini pengine huwa nalitegemea kupita kiasi. Halafu kuna nyota ninazozipa filamu ninapozihakiki. Nimeipa makala ya michezo nyota 3 na filamu ya mashujaa wenye mabawa nyota 3, na sijui kama hizo tatu ni kitu kimoja.

Na kuna jambo la kocha. Miaka kadhaa iliyopita nilihariri makala ya timu ndogo ya mkoani. Kocha aliulizwa kwa nini alimwacha benchi kijana wake bora siku ya fainali. Alinyamaza sekunde 11, kisha akasema, "Alikuwa anaumwa." Nilipoziacha zote 11, ukumbi wa majaribio ulimwona mwongo. Nilipozikata zikabaki 2, walimwona mtu mwema aliyejibu swali. Sauti ni yake, uso ni wake, jibu ni lake, na sikuongeza kitu. Nilikaa na kipande hicho siku tatu, nikaacha sekunde 5, na hadi leo sijui kama 5 ndiyo haki yake. Baada ya onyesho alinifuata, akanishukuru, akasema alikuwa hakumbuki kwamba alinyamaza muda mrefu vile.