Je, wajua kwa nini miwani yenye namba sahihi bado inaweza kukuumiza kichwa?

Mtu amepimwa macho, amepewa cheti, ametengenezewa miwani. Siku ya pili kichwa kinagonga, sakafu inaonekana imeinama, ngazi za kushuka zinamtia hofu. Anarudi kupimwa tena na namba zinatoka zile zile. Anaambiwa "utazoea", naye anaishia kuifungia miwani kwenye droo.

Kuzoea kupo kweli. Ukivaa silinda, yaani lenzi ya kurekebisha jicho ambalo mviringo wake hauko sawa pande zote, kwa mara ya kwanza, au namba ikibadilika sana, ubongo unahitaji siku kadhaa, pengine hadi wiki mbili, kuzipanga upya picha unazopokea. Lakini maumivu yasiyopungua baada ya hapo mara nyingi yanatoka mahali ambapo cheti hakifiki. Cheti kinaeleza nguvu ya lenzi. Hakielezi lenzi ikae wapi mbele ya jicho, na hapo ndipo miwani mingi inapoharibikia.

Kila lenzi ina kitovu, sehemu moja ambayo mwanga unapita bila kupindishwa. Kitovu hicho kinatakiwa kiwe mbele ya mboni. Kikisogea pembeni, lenzi inaanza kufanya kazi ya prizimu: inahamisha picha, na misuli inalazimika kuyavuta macho ili picha mbili zibaki moja. Wataalamu hukokotoa mzigo huo kwa kanuni ya Prentice: chukua umbali ambao kitovu kimesogea kwa sentimita, uzidishe kwa namba ya lenzi. Tuseme umbali kati ya mboni zako, unaoandikwa PD, ni milimita 62, na fundi amekata lenzi kwa 68. Tofauti ni sentimita 0.6. Kwa mwenye namba -1.00 hiyo ni prizimu 0.6, wala hataihisi. Kwa mwenye -6.00 ni 3.6, na misuli yake itavuta tangu asubuhi hadi jioni. Ndiyo maana jirani yako mwenye namba ndogo anaweza kununua miwani popote akastarehe, na wewe ukaumia kwa fundi huyo huyo.

Kosa la juu na chini ni baya zaidi. Macho yamezoea kugeuka pamoja kuelekea puani tunaposoma, lakini hayana uwezo mkubwa wa kwenda moja juu na jingine chini. Kwa lenzi za -6.00, kitovu cha upande mmoja kikiwa juu ya kingine kwa milimita 2 tu, tayari ni prizimu 1.2 ya wima. Hapo mtu anaanza kuona maandishi yana kivuli, au anapata kichefuchefu akiwa kwenye daladala.

PD ya mtu mzima kwa kawaida huwa kati ya milimita 54 na 74. Kuipima hakuhitaji mashine. Rula ya milimita inatosha mikononi mwa anayejua. Anakaa mbele yako umbali wa kama sentimita 40, macho yake usawa wa macho yako, rula juu ya pua yako. Anafumba jicho lake la kulia, wewe unatazama la kushoto lililo wazi, naye anaweka sifuri kwenye jicho lako la kulia. Kisha anabadilisha: anafumba la kushoto, anafumbua la kulia, wewe unahamia kulitazama hilo, naye anasoma rula kwenye jicho lako la kushoto. Rula isitikisike hata kidogo katikati ya hatua hizo mbili. Kwa macho ya kahawia nzito kama ya wengi wetu, mboni haionekani vizuri ndani ya duara jeusi. Basi hupimwa kuanzia ukingo wa nje wa duara la jicho moja, pale weupe unapoanza, hadi ukingo wa ndani wa duara la jicho la pili. Jibu ni lile lile. Anayekadiria tu katikati ya weusi anaweza kukosea milimita tatu bila kujua. Kwa kazi ya kusoma, macho yakikusanyika kuelekea kitabuni, PD hupungua milimita 3 hadi 4, kwa hiyo miwani ya kusomea haikatwi kwa kipimo cha mbali.

Unaweza kukagua miwani yako ya kuonea mbali nyumbani. Ishike mbele yako umbali wa mkono na utazame mstari wima ulionyooka, kwa mfano fremu ya mlango, kupitia lenzi moja. Mstari ulioko ndani ya lenzi utaonekana umekatika, haukutani na ule ulioko juu na chini yake. Sogeza miwani kushoto na kulia taratibu hadi mistari iungane. Hapo umepata kitovu. Weka nukta kwa kalamu ya wino unaofutika. Fanya hivyo kwa lenzi ya pili, kisha pima umbali wa nukta hadi nukta na uulinganishe na PD yako. Ukitumia mstari wa kulala utapata pia kama vitovu viko usawa mmoja. Kama silinda yako ni kubwa na mhimili wake umelala kimshazari, mstari utainama wenyewe ndani ya lenzi, kwa hiyo mwachie fundi mwenye mashine ya kusoma lenzi.

Silinda ina matatizo yake. Kwenye cheti huandikwa CYL, na AXIS, yaani mhimili, ni mwelekeo wake, kuanzia nyuzi 1 hadi 180. Lenzi ikikaa nyuzi 10 nje ya mwelekeo huo, karibu theluthi moja ya kasoro inabaki. Ikipotoka nyuzi 30, kasoro inayobaki ni kubwa sawa na ile uliyokuwa nayo kabla ya kuvaa silinda. Fremu za duara kamili ni nzuri kwa macho, lakini skrubu ikilegea lenzi huzunguka ndani yake bila mwenyewe kujua. Mwenye silinda kubwa achague umbo lenye kona.

Hapo hapo, usishtuke ukipewa vyeti viwili vinavyoonekana kupingana. Kimoja kinasema -1.00, silinda -0.50, mhimili 180; kingine -1.50, silinda +0.50, mhimili 90. Ni lenzi moja. Jumlisha namba mbili za kwanza upate namba mpya, geuza alama ya silinda, ongeza au punguza nyuzi 90, na utaona vinafanana.

Fremu nayo ina la kusema. Ndani ya mkono wake utakuta tarakimu kama 52, kisanduku kidogo, 18, halafu 140. 52 ni upana wa lenzi, 18 ni daraja la puani, 140 ni urefu wa mkono, zote kwa milimita. Jumlisha mbili za kwanza: 70. Kama PD yako ni 62, kila lenzi itabidi isogezwe ndani milimita 4, na kwa mwenye namba kubwa ya kutoa maana yake ni ukingo mnene upande wa masikio. Chagua fremu ambayo jumla yake inakaribia PD yako, lenzi yako itakuwa nyembamba kabla hujalipia hata senti ya plastiki maalumu. Watu wengi hufanya kinyume: wanachukua fremu kubwa ya mtindo, kisha wanauziwa lenzi nyembamba za gharama ili kuficha unene walioununua wenyewe. Plastiki ya kawaida ina kipeo, yaani uwezo wa kupinda mwanga, cha 1.50 na inaonyesha vizuri. Polikaboneti, 1.59, haivunjiki kirahisi na ndiyo ya kumnunulia mtoto au bodaboda, ingawa mwenye namba kubwa ataona rangi rangi pembezoni mwa taa.

Lenzi za kuzuia mwanga wa buluu zinauzwa kwa nguvu sana madukani. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, ya mwaka 2023 yalikuta kwamba huenda hazipunguzi uchovu wa macho wa kompyuta kwa muda mfupi, kulinganisha na lenzi za kawaida. Weka fedha hiyo kwenye kizuia mng'ao, au kwenye kipimo kizuri. Lenzi zinazogeuka nyeusi juani zinasaidia ukitembea kwa miguu, lakini ndani ya gari hazigeuki sana kwa sababu kioo cha mbele huzuia miale inayoziamsha, na kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam weusi wake unapungua.

Sasa, nani akupime? Duka zuri si lile lenye kabati refu la fremu. Muulize anayepima kama ni mtaalamu wa optometria, fani ya kupima macho kwa ajili ya miwani, aliyesajiliwa; Tanzania wapo chini ya Baraza la Optometria, na wengi wamesomea hospitali ya KCMC, Moshi. Kenya, Chuo Kikuu cha Masinde Muliro huko Kakamega hutoa shahada ya fani hiyo. Kisha tazama anavyofanya kazi. Mashine ya kompyuta unayoweka kidevu inatoa makadirio ya kuanzia tu. Baada yake lazima upimwe kwa lenzi za majaribio, jicho moja moja, ukisoma ubao ulio umbali wa mita 6, au unaoakisiwa na kioo cha kujitazamia kwenye chumba kifupi, ukiulizwa "hii au ile?" mpaka jibu litulie. Anayekuandikia cheti kutoka kwenye karatasi ya mashine ameishia nusu ya njia, na hatari ni kubwa kwa watoto: mtoto akikodolea ndani ya mashine hukaza jicho na kutoa namba ya kutoona mbali asiyokuwa nayo. Ndiyo sababu mtoto huwekewa kwanza dawa ya matone ya kulegeza misuli.

Mwenye kisukari asubiri sukari itulie wiki kadhaa kabla ya kukata miwani, maana sukari ikipanda na kushuka lenzi ya ndani ya jicho hubadilika na namba hubadilika nayo.

Na kabla ya kwenda popote, toboa karatasi ngumu kwa sindano, tundu la kama milimita moja, ufunge jicho moja na utazame mbali kupitia tundu. Maandishi yakisafika, tatizo lako huenda ni la miwani. Yasiposafika, anza kwa daktari wa macho, kwa mfano CCBRT Dar es Salaam au hospitali ya Kikuyu karibu na Nairobi, kwani inaweza kuwa mtoto wa jicho au tatizo la retina. Ukiona mimweko ya ghafla, au kivuli kama pazia kikishuka, nenda siku hiyo hiyo. Presha ya macho haina dalili mwanzoni. Aliyevuka miaka 40 aombe ipimwe pamoja na namba.

Lenzi za kuvaa jichoni, kontakti, zinahitaji cheti chake peke yake. Miwani hukaa kama milimita 12 mbele ya jicho, kontakti hukaa juu yake, na umbali huo hubadilisha nguvu. Mwenye -6.00 kwenye miwani huhitaji kama -5.50, mwenye -8.00 kama -7.25, mwenye +6.00 hupanda hadi +6.50. Chini ya 4.00 tofauti ni ndogo mno. Mpimaji pia huandika mviringo na kipenyo, kwa mfano 8.6 na 14.2. Lenzi iliyobana hukunyima hewa, iliyolegea hutelezateleza. Lenzi za rangi za maduka ya vipodozi, zinazovaliwa harusini na kuazimana, hazijapimwa kwa jicho la mtu yeyote, na kuazimana ni kupeana vijidudu.

Nawa mikono kwa sabuni, kausha, ndipo uziguse. Zitazame ukingoni: ikiwa kama bakuli, iko sawa, midomo ikigeukia nje, imepinduka. Maji ya bomba, ya kisima, hata ya kunywa, yasizifikie kamwe. Akanthamiba, kijidudu kiishicho majini, hutafuna konea, ngozi angavu ya mbele ya jicho, na kuiponya huchukua miezi. Dawa ya kuhifadhia imwagwe na kubadilishwa kila siku, kibweta kila miezi 3. Kwa anayeishi penye vumbi au maji ya shida, zile za kuvaa siku moja na kutupa ndizo salama zaidi. Jicho likiwa jekundu, likiuma au likikwepa mwanga, toa lenzi mara moja, usiirudishe, na uende hospitali ukiwa na lenzi hiyo na kibweta chake, maana maabara inaweza kuotesha vijidudu kutoka humo na kujua ni dawa gani utumie.