Usukani wa kwadi kuukuu unapocheza: dhana potofu na ukweli

Kwadi ndogo (pikipiki ya magurudumu manne), iwe Suzuki LT80 ya zamani au hizi za Kichina za cc 50 hadi 110, haina mengi kwenye usukani. Kuna shafti moja, yaani fimbo ya chuma, inayoshuka kutoka kwenye mikono ya usukani. Juu, kwa kawaida, inashikwa na bushi (pete ya nailoni au shaba ambamo shafti huzunguka) ya vipande viwili iliyofungwa kwa bolti mbili, na chini inakaa kwenye bushi au beringi yenye nati. Mguu mdogo wa shafti unavuta tairodi mbili, yaani fimbo zinazogeuza magurudumu, na kila gurudumu linageukia kwenye kingipini (pini nene ya wima) yenye bushi zake, au kwenye boljointi (kiungo cha mpira wa chuma). Kwa kuwa vitu ni vichache, watu hukisia badala ya kupima, na hapo ndipo pesa hupotea.

"Usukani ukicheza, ni ncha za tairodi"

Mara nyingine ni kweli, lakini usinunue kabla ya kupima. Weka jeki chini ya fremu mpaka magurudumu yote mawili ya mbele yaning'inie. Kamata tairi juu na chini ulitikise. Likicheza hivyo, tatizo ni beringi ya gurudumu, bushi za kingipini au boljointi. Ili kuzitenganisha, mwenzako aweke kidole pale kingipini inapoingia: kidole kikihisi mgongano, ni bushi, kingipini ikitulia huku gurudumu linatikisika, ni beringi. Sasa kamata tairi mbele na nyuma. Likicheza upande huu tu, ndipo ushuku tairodi.

Rudi kwenye mikono ya usukani. Ivute kuelekea kwako na kuisukuma mbele bila kuizungusha: mlio ukitokea chini kidogo ya mikono, bushi ya juu imekwisha. Inue mikono juu kwa nguvu: shafti ikipanda na kushuka, angalia nati na bushi ya chini. Vipimo hivi vyote ni vya dakika chache na havihitaji kufungua hata nati moja.

"Nusu milimita si kitu"

Piga hesabu. Chukua kingipini yenye bushi mbili zilizoachana milimita 40, na kila moja imelegea nusu milimita. Juu ikienda upande mmoja na chini upande wa pili, kingipini inalala kwa milimita 1 ndani ya urefu wa milimita 40. Tairi la inchi 16 lina milimita 200 hivi kutoka katikati hadi ukingoni, kwa hiyo pale ukingoni linatembea kama milimita 5. Kwenye barabara ya mawe hiyo inatosha kufanya mikono itetemeke na tairi kuliwa upande mmoja.

"Jaza grisi, itakaa sawa"

Grisi hupunguza msuguano; haijazi chuma wala nailoni iliyokwisha. Itanyamazisha mlio kwa siku chache, kisha mlio unarudi. Kwenye kwadi zinazotembea mchanga wa pwani ni hatari zaidi, maana grisi iliyochanganyika na mchanga husaga shafti kama msasa wa maji. Kama kuna nipo ya grisi (chuchu ya kupitishia grisi), pampu mpaka grisi chafu itoke na safi ianze kuonekana, kisha ufute iliyobaki nje. Kama hakuna nipo, fungua, osha kwa mafuta ya taa, kausha, na upake upya grisi ya lithiamu tabaka jembamba. Angalia na sili za vumbi juu na chini ya bushi. Zikipasuka, bushi mpya haitadumu.

"Kata kopo la soda, zungushia shafti"

Utapata siku kadhaa. Bati la kopo ni jembamba na laini, hukatika vipande vyenye makali vinavyoingia kwenye nailoni na kuanza kuichimba. Mpira wa tyubu ni mbaya zaidi: unabonyea, kwa hiyo unageuza mikono kwanza na gurudumu linafuata baadaye.

Binamu wa dhana hii ni kukaza bolti za bushi ya juu mpaka isicheze. Bushi hiyo imetengenezwa ishike shafti, si kuibana. Ukiibana inakuwa yai, usukani unakuwa mgumu na haurudi katikati wenyewe ukitoka kwenye kona. Bolti za M6 (unene wa milimita 6) zinahitaji kukazwa kwa karibu Nm 10 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), za M8 karibu Nm 20, isipokuwa kitabu cha mashine yako kiseme vingine. Kama inacheza kwenye kipimo hicho, bushi imekwisha.

"Bushi mpya inatosha"

Hapa ndipo kazi nyingi hurudi. Shafti nayo huliwa, hasa mahali bushi inapokaa, na mara nyingi upande mmoja tu. Isafishe, kisha uipime kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) sehemu tatu: juu ya bushi, chini yake, na pale pale inapokaa, ukigeuza kalipa robo mzunguko kila mara. Tofauti ikifika robo milimita, bushi ya dukani italegea tangu siku ya kwanza. Una njia mbili: shafti ijazwe kwa kulehemu na kukerezwa, au bushi ikerezwe kwa kipimo cha shafti iliyopo. Njia ya pili ni nafuu na inafaa kama shafti imeliwa sawasawa pande zote. Kama imekuwa yai, usijisumbue nayo.

Mpelekee fundi wa kukereza shafti yenyewe pamoja na kikombe cha bushi (nyumba ya chuma inamokaa), si bushi ya zamani peke yake. Hiyo imeshapoteza kipimo. Kwa shaba, nafasi ya 0.05 hadi 0.1 mm inatosha. Nailoni iongezewe kidogo kwa sababu hunyonya maji na kuvimba. Kwadi inayooshwa kila jioni yenye bushi ya nailoni iliyobana itakuwa na usukani mgumu baada ya wiki chache. Mwambie pia kwamba tundu la ndani la bushi ya shaba hupungua ikishashindiliwa, kwa hiyo kipimo cha mwisho kikamilishwe ikiwa ndani.

"Gonga kwa nyundo, itaingia"

Itaingia, lakini imepinda au ukingo umevunjika. Chukua bolti ndefu, washa nene mbili na soketi yenye upana sawa na bushi, uivute ndani taratibu kwa kukaza nati. Ya nailoni iweke kwenye friza saa moja kwanza. Ya zamani ikigoma kutoka, ikate kwa msumeno wa chuma kwa urefu wake, ukisimama kabla ya kugusa kikombe, kisha uikunje kwa ndani. Moto usiutumie karibu na nailoni wala rangi.

"Tairodi sikuzigusa, mlingano wa magurudumu haujabadilika"

Umebadilika, kwa sababu magurudumu yalikuwa yamelala ndani ya nafasi ambayo sasa haipo. Nyoosha mikono na uifunge isigeuke. Weka alama katikati ya kila tairi upande wa mbele, usawa wa ekseli, pima kati ya alama, kisha sukuma kwadi mpaka alama zifike nyuma kwa urefu ule ule na upime tena. Kwenye kwadi nyingi, kipimo cha mbele kinatakiwa kiwe kidogo kwa milimita chache kuliko cha nyuma. Legeza nati za kufungia na uzungushe tairodi zote mbili kiasi sawa, ukikumbuka kuwa ncha moja kwa kawaida ina nyuzi za kushoto.

Nati ya chini ya shafti ifungwe kwa pini mpya ya kukunja. Ya zamani ikishanyooshwa mara moja imechoka, na ikikatika, nati inaweza kufunguka na shafti kuchomoka chini ukiwa kwenye mwendo.