Sukari, mvuke na mshumaa: dhana zinazomkwaza anayeanza kemia

Anayeanza kemia jijini Nairobi haji na kichwa kitupu. Ameshatazama chai ikichemka, makaa yakigeuka majivu na misumari ikishika kutu, na yote hayo ana maelezo yake tayari. Darasani somo linafundishwa kwa Kiingereza, lakini maelezo yale aliyajenga kwa Kiswahili cha nyumbani, na kila neno huingia darasani na maana yake ya jikoni. Jedwali la elementi haliyang'oi. Mizani ya jikoni ya kidijitali, sufuria na chupa tupu ya soda huyang'oa, mradi vitumiwe kwa mpangilio unaofaa.

Dhana: Sukari huyeyuka kwenye chai kama siagi inavyoyeyuka kikaangoni

Kiswahili hakijakosea hapa. Neno "kuyeyuka" ni pana tu, limebeba mambo mawili ambayo kemia huyatenganisha. Siagi kikaangoni ni kitu kimoja kilichopata joto kikageuka kutoka kigumu kuwa kiowevu. Sukari kwenye chai ni vitu viwili: molekuli za maji zimezizingira molekuli za sukari, zikazitoa moja moja kwenye punje na kuzisambaza. Kwa hilo la pili kuna neno zuri ambalo walimu wengi hawalitumii, kumumunyuka, ndugu wa kumumunya peremende mdomoni. Litumie tangu siku ya kwanza.

Hoja inayomaliza ubishi ni hii: sukari ya mezani huanza kuyeyuka kwa joto kwenye nyuzi 186 hivi za Selsiasi, na chai ya Nairobi haifiki hata 100. Chumvi yenyewe hudai nyuzi 801. Halafu mwache mwanafunzi akoroge sukari kwenye maji baridi ya bomba aone inapotea vilevile, polepole zaidi.

"Inapotea" ndilo kosa linalofuata. Pima gramu 250 za maji baridi na gramu 20 za sukari, kijiko kikiwa tayari juu ya mizani pamoja na kikombe. Koroga bila kukiondoa kijiko. Mizani husoma 270 ukiondoa uzito wa vyombo, kabla na baada. Ujazo wa maji hupanda kama mililita 12, jambo linaloonekana vizuri kwenye silinda ya kupimia. Usitumie maji ya moto: yatapoteza gramu kadhaa kwa mvuke wakati mnakoroga, na darasa zima litaamini kwamba sukari kweli ilipungua. Mkitaka kukirudisha kilichomumunyuka, tumieni chumvi, gramu 5 kwenye mililita 50, mkaianike juani kwenye sahani bapa. Sukari huishia kuwa shira inayonata wala haitoi fuwele kwa urahisi.

Dhana: Viputo vya maji yanayochemka ni hewa, na ule weupe juu ya birika ndio mvuke

Viputo vidogo vinavyoshika kuta za sufuria mapema, maji yakiwa vuguvugu, ni hewa kweli, ile iliyokuwa imemumunyuka. Vile vikubwa vinavyotoka chini kwa nguvu baadaye ni maji yenyewe yaliyogeuka gesi. Wapo wanafunzi wanaosema ni haidrojeni na oksijeni, kwa kuwa wamefundishwa H₂O, fomula ya maji, kabla ya kufundishwa kuchemka. Waulize mchanganyiko wa gesi hizo mbili ungefanya nini juu ya moto wa jiko: ungelipuka.

Kuhusu weupe, mwonyeshe mwanafunzi mdomo wa birika linalochemka, akiwa amesimama mbali. Kati ya mdomo na wingu kuna nafasi ndogo isiyo na kitu cha kuona. Mvuke uko hapo hapo, na hauonekani. Wingu ni matone madogo ya maji yaliyokwisha kupoa. Nyumbani watu huliita moshi, na neno hilo nalo lirekebishwe, maana moshi hutokana na kitu kinachoungua.

Kisha kuna themomita. Kitabu kimeandika 100, mwanafunzi anasoma 94 au 95, na mwalimu anamwambia aandike 100 kwa sababu "kifaa ni kibovu". Tunaliona jambo hili kuwa kosa kubwa kuliko dhana yoyote hapa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo, na maji huchemka mapema. Nyuzi 100 ni za Mombasa. Kuongeza moto hakutazileta: maji yatakauka haraka zaidi kwenye nyuzi zile zile 94, na ndiyo maana maharagwe hukawia kuiva huku.

Dhana: Vitu vikimenyuka na gesi ikatoka, uzito hupotea

Jaribio la siki na beking soda hufanywa mara nyingi, na mara nyingi hufanywa vibaya. Kosa la kwanza ni dukani: beking pauda si beking soda. Pauda ina wanga na asidi kavu ndani yake, hivyo gesi ni kidogo na hesabu haikubali. Magadi nayo ni chumvi nyingine, ina kaboneti pamoja na bikaboneti.

Kosa la pili ni puto. Mwalimu huliweka mdomoni mwa chupa ili gesi isitoke, linavimba vizuri, na mizani inashuka kwa zaidi ya gramu 1. Gesi haijatoroka. Puto lililovimba limesukuma hewa kando, na hewa inaliinua kwenda juu kama maji yanavyouinua mtumbwi. Lita moja ya hewa ya Nairobi ina uzito wa karibu gramu 1, kwa hiyo puto la lita moja na nusu linatosha kumpotosha mtu.

Tumia chupa ya plastiki ya soda ya lita 2. Mimina mililita 80 za siki yenye asidi asilimia 4 au 5. Fungia gramu 4 za beking soda, pungufu kidogo ya kijiko cha chai, kwenye kipande cha tishu. Weka chupa, kifuniko na kifurushi juu ya mizani, andika. Tumbukiza kifurushi, funga haraka, tikisa. Chupa inakuwa ngumu mkononi, povu linapanda, na mizani haisogei. Ukilegeza kifuniko unasikia "psss", na sasa mizani inashuka gramu moja au mbili. Sauti ile ndiyo wanafunzi hawaisahau. Usizidishe vipimo, na usitumie kabisa chupa ya kioo.

Dhana: Maji hupanda ndani ya glasi kwa sababu mshumaa umemaliza oksijeni

Jaribio lenyewe ni mshumaa unaowaka kwenye sahani ya maji, ukafunikwa kwa glasi. Mshumaa huzimika oksijeni nyingi ikiwa bado imebaki, na ile iliyotumika imeacha kaboni dayoksaidi na mvuke mahali pake. Kinachoyavuta maji zaidi ni hewa iliyopashwa moto kupoa na kunywea, na ndiyo maana hupanda ghafla mwali unapokufa. Weka mishumaa mitatu chini ya glasi ile ile: maji yatapanda zaidi, ilhali oksijeni ya glasi haijaongezeka.

Anayetaka kuiona sehemu ya oksijeni atumie waya laini wa kusugulia sufuria, ule unaoshika kutu. Uloweke kwenye siki dakika 5 uondoe mafuta, ukung'ute, uusokomeze chini ya glasi ndefu, kisha pindua glasi kwenye sahani ya maji. Baada ya siku moja au mbili maji yatakuwa yamepanda karibu moja ya tano ya glasi. Husemwa kutu hula chuma. Hapa chuma ndicho kimeila oksijeni.

Dhana: Kemikali ni sumu za maabara, vya nyumbani ni salama

Maji ni kemikali, chumvi ni kemikali, na asidi ya kachumbari yenye siki ndiyo ile ile inayounguza ngozi ikiwa kali. Kiasi na ukali ndivyo huamua. Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, ikichanganywa na asidi ya kusafishia choo hutoa gesi ya klorini, tena chooni, chumba kidogo kuliko vyote.

Na makaa yakiungua hayapotei. Gramu 12 za kaboni hushika gramu 32 za oksijeni, zikatoka gramu 44 za kaboni dayoksaidi. Oksijeni ikipungua, hutoka kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mwezi wa Julai, baridi ikishika, watu huingiza jiko ndani wakisubiri kwanza moshi uishe, wakiamini hatari imekwisha nao. Makaa mekundu yasiyo na moshi bado hutoa gesi hiyo, na jiko halilali chumba kimoja na watu hata kama dirisha limeachwa wazi kidogo.