Hali ya hatari ya Ujerumani 1933 si ile sheria ya Machi

Mjadala wa udikteta ukishafika Ujerumani, hakosi mtu wa kuandika kwamba Hitler alitangaza hali ya hatari, akalifuta Bunge, akawa dikteta. Mwingine atamjibu kwamba wananchi walimchagua wenyewe. Wote wawili wamekosea, ila wa kwanza amekosea zaidi, maana amezichanganya nyaraka mbili ambazo kila moja ilikuwa na kazi yake.

Kwa kifupi: hali ya hatari husimamisha haki za raia. Sheria ya kukabidhi madaraka huiruhusu serikali kutunga sheria bila Bunge. Ya kwanza humkamata mtu, ya pili hulikamata Bunge.

Suala la kura halina mengi. Novemba 1932 chama cha Nazi kilipata asilimia 33.1, kikiwa kimeshuka kutoka 37.3 ya Julai. Hitler aliteuliwa ukansela, yaani ukuu wa serikali, na Rais Hindenburg tarehe 30 Januari 1933, katika baraza la mawaziri lililokuwa na Wanazi watatu tu: yeye, Frick na Göring. Wahafidhina waliokuwa wengi barazani walijiona wamemzunguka. Walisahau kwamba Göring alipewa pia wizara ya mambo ya ndani ya Prussia, yaani polisi wa jimbo kubwa kuliko yote.

Sasa zile nyaraka. Amri ya hali ya hatari ya 28 Februari, siku moja baada ya jengo la Bunge kuungua, ilitiwa saini na Hindenburg chini ya ibara ya 48 ya katiba, iliyomruhusu Rais kutoa amri za dharura. Kwa wakati huo ibara hiyo haikumshtua mtu. Tangu 1930 makansela waliokosa wingi bungeni walikuwa wakitawala kwa amri za rais. Bunge lilikuwa na haki ya kuzibatilisha, lakini Rais naye alikuwa na haki ya kulivunja, na Julai 1930 ndivyo alivyofanya. Amri ya Februari ilisimamisha ibara saba, zikiwemo za uhuru wa mtu, usiri wa barua, magazeti, mikutano na vyama. Ilisema itadumu hadi itakapotangazwa vinginevyo, na hadi 1945 halikutoka tangazo lolote la kuiondoa. Hata hivyo, haikumpa Hitler uwezo wa kutunga hata sheria moja. Hapo ndipo wengi wanapoteleza.

Uwezo huo ulitoka kwenye sheria iliyopigiwa kura na Bunge lenyewe tarehe 23 Machi, na hesabu yake inafaa kuangaliwa kwa karibu. Uchaguzi wa 5 Machi, uliofanyika wapinzani wakipigwa na kukamatwa, uliwapa Wanazi viti 288, na washirika wao wa DNVP, chama cha wahafidhina, 52. Jumla 340 kati ya 647. Kubadili katiba kulihitaji theluthi mbili ya wabunge wawepo, na theluthi mbili ya waliopo wakubali. Wabunge wote wakihudhuria, hiyo ni kura 432, kwa hiyo zilipungua 92. Wakomunisti 81 hawakuruhusiwa kuingia: waliokuwa hawajatiwa ndani walikuwa mafichoni, kwa nguvu ya ile amri ya Februari. Wakabaki wabunge 566, theluthi mbili yao ni 378. Pengo likashuka hadi 38, na chama cha Kikatoliki cha Zentrum kilikuwa na wabunge zaidi ya 70.

Ilibaki hofu moja, kwamba wapinzani wangesusia kikao akidi isitimie. Göring, akiwa spika, akaleta kanuni mpya: asiyekuwepo bila udhuru atahesabiwa yupo. Zentrum wakakubali kwa ahadi za mdomo. Matokeo yalikuwa 444 kwa 94, na hao 94 wote walikuwa wa SPD, chama cha kisoshalisti, waliopiga kura huku askari wa SA, wanamgambo wa Kinazi, wamejaa ukumbini.

Sheria yenyewe ilikuwa na vifungu vitano. Baraza la mawaziri litunge sheria, hata zinazokiuka katiba, mradi Bunge, Baraza la Majimbo (chombo cha wawakilishi wa majimbo) na madaraka ya Rais visiguswe. Mwisho wake ulikuwa 1 Aprili 1937. Baraza la Majimbo lilifutwa Februari 1934, na urais ukaunganishwa na ukansela Agosti mwaka huohuo Hindenburg alipofariki. Yaani hata masharti yaliyoandikwa na wenyewe hayakumaliza mwaka na nusu. Wanaosema kila kitu kilifanyika kisheria wangeanzia hapo.

Na kuhusu Bunge kufutwa, kwa upole tu: halikufutwa. Kuanzia Julai 1933 lilikuwa la chama kimoja, likaongeza muda wa sheria ile mwaka 1937 na tena 1939, na kikao chake cha mwisho kilikuwa 26 Aprili 1942.