Magogwe hayavundikwi yakaiva

"Chukua tu haya, yaweke ndani siku mbili yataiva." Ukiulizia magogwe, yale matunda ya mti yanayofanana na nyanya, soko la Majengo hapa Dodoma utaambiwa hivyo, na nimechoka kulisikia. Kwa ndizi, sawa. Kwa embe, sawa. Kwa gogwe, hapana.

Tunda kupevuka ni kufikia ukubwa wake na kukomaza mbegu. Kuiva ni hatua inayofuata: sukari inapanda, ukali unashuka, nyama inalainika, harufu inatoka. Hapo hakuna ugomvi. Ugomvi uko kwenye swali moja: tunda likishachumwa, linaweza kuendelea kuiva lenyewe?

Yapo yanayoweza. Ndizi huchumwa ikiwa imejaa wanga. Baadaye hupumua kwa kasi, hutoa gesi iitwayo ethilini, na wanga ule hugeuka sukari. Ukiivundika, gesi haitawanyiki, ndiyo maana mkungu mzima unaiva haraka. Embe, parachichi na nyanya zimo kundi hilo. Zabibu haimo, na hili mkulima wa zabibu wa hapa Dodoma, kule Hombolo au Mpunguzi, hahitaji kufundishwa. Akiikata ikiwa kali itabaki kali mpaka inyauke, kwa sababu sukari yake hutengenezwa na majani na kupitia kwenye kikonyo. Ukikata kikonyo, umefunga njia.

Gogwe liko upande wa zabibu. Watu wanateleza kwa sababu linafanana na nyanya, na kweli ni ndugu: ukoo mmoja wa mimea, asili moja huko milima ya Andes, Amerika ya Kusini. (Lisichanganywe na ngogwe, ile nyanya chungu ya mboga.) Lakini udugu huo haufiki kwenye kuiva. Nyanya iliyopevuka ikichumwa ya kijani itaiva kapuni. Gogwe halina wanga wa akiba wa kutosha kugeuza sukari, wala halina ule mpumuo wa kasi wa ndizi.

Kinachotudanganya ni rangi. Gogwe jekundu likiwa bado changa huwa na kijani chenye zambarau, na ethilini inaweza kuligeuza likawa jekundu bila utamu kuongezeka. Mnunuzi akiona wekundu anasema limeiva. Likate katikati ulionje kwa kijiko, usiliguse ganda, maana ganda ni chungu hata kwenye tunda zuri. Lililowahishwa kuchumwa lina ukakasi unaoshika ulimi, na ukali mtupu. Lililoivia mtini lina nyama ya rangi ya chungwa, ute wa mbegu mwekundu uliokoza unaotia doa kwenye nguo, na utamu unaokuja pamoja na ukali wake. Tena yapo magogwe ya njano yasiyokuwa mekundu kamwe. Wanaopima kwa wekundu sijui hayo watayapimaje.

Ninaelewa kwa nini yanawahishwa. Mgogwe unataka ubaridi wa milimani, kama Lushoto, si joto na ukame wa Dodoma, kwa hiyo mzigo unatoka mbali. Kutoka ua hadi kuiva ni kama wiki 21 hadi 24, na matunda ya mti mmoja hayaivi pamoja. Mkulima inabidi arudi shambani mara kwa mara huku gari likisubiri. Lakini hofu kwamba lililoiva litapondeka njiani imezidishwa. Gogwe lililoiva bado lina ugumu wa kustahimili safari, na kwenye ubaridi wa nyuzi 3 hadi 5 linakaa wiki kadhaa, hasa likichumwa na kikonyo chake.

Kwa hiyo ukiambiwa "yaweke yataiva," jibu kwa upole: yataongeza rangi, yatalainika kidogo, lakini utamu ni ule yalioondoka nao mtini. Kisha mwombe muuzaji akukatie moja uonje kabla ya kulipa.