Wilaya yako kutofanyiwa utafiti si pengo la maarifa

Jumatatu iliyopita nilipokea andiko la kuomba ruzuku ya utafiti, la tatu katika mwezi mmoja lenye sentensi ileile, iliyokaa mahali palepale, mwishoni mwa ukurasa wa pili: "Tafiti nyingi zimefanyika kuhusu suala hili katika maeneo mengine, lakini hakuna utafiti uliofanyika katika wilaya hii, kwa hiyo utafiti huu unakusudia kuziba pengo hilo." Mwandishi wake ni mhadhiri msaidizi mwenye bidii, anayefundisha vipindi vingi kuliko anavyostahili kubebeshwa mtu anayesomea shahada ya uzamivu, na maombi yake ya ruzuku yamekwisha kukataliwa mara mbili. Aliponikabidhi karatasi zake alisema maneno ambayo ndiyo yamenifanya niandike leo: "Mwalimu, tatizo hili ni kubwa na linawaumiza watu wengi. Wanawezaje kulikataa?"

Nimeketi katika majopo ya uhakiki mara kadhaa, na napenda kulijibu swali hilo kwa uzito wake, kwa kuwa huulizwa na watu makini na jibu lake huwa halisemwi waziwazi. Hakuna anayelikataa tatizo. Mhakiki anaweza kukubali kwa moyo wote kwamba wajane kunyang'anywa mashamba ni jambo la kuumiza, kisha akalipa andiko linalohusu jambo hilo alama ya chini kabisa, na asione mgongano wowote kati ya mawili hayo. Yeye ameulizwa jambo jingine: tukimpa mwombaji huyu fedha, baada ya miezi kumi na minane tutajua nini ambacho leo hatukijui? Andiko lisilojibu swali hilo haliokolewi na ukubwa wa mateso linayoyaeleza, hata yakielezwa kwa kurasa kumi.

Tatizo la jamii ni hali inayowaumiza watu. Tatizo la utafiti ni jambo ambalo sisi wanataaluma hatulielewi, au tunalieleza kwa njia mbili zinazopingana na hatujajua ipi ina nguvu zaidi. Mimba za utotoni ni tatizo la jamii. Wilaya mbili jirani zinapofanana kwa kipato, kwa dini na kwa idadi ya shule, lakini zikatofautiana sana kwa mimba za utotoni, na maelezo tuliyo nayo yasitoshe kueleza tofauti hiyo, hapo tuna tatizo la utafiti. La kwanza linatupa sababu ya kujali, la pili ndilo linalotupa kazi ya kufanya, na mfadhili wa utafiti analipia kazi.

Sasa nirudi kwenye ile sentensi, maana ndiyo inayonichosha. Tanzania ina mikoa 31 na wilaya zaidi ya 100. Ikiwa kutofanyiwa utafiti kwa wilaya moja ni sababu ya kutosha ya kutoa fedha, basi utafiti wowote uliowahi kufanyika Kisarawe unapaswa kurudiwa zaidi ya mara 100, kisha tuanze upya kwa kata na vijiji. Kila ninayemwambia hivi hukubali haraka, na nusu yao huniletea rasimu mpya ambamo neno "wilaya" limebadilishwa kuwa "kanda". Mahali hapajawahi kuwa pengo kwa sababu tu hapajatajwa katika machapisho. Panakuwa pengo pale tunapokuwa na sababu ya kuamini kwamba jambo lenyewe linafanya kazi kwa namna nyingine hapo, na kwamba tofauti hiyo itatufundisha kitu kuhusu jambo lenyewe.

Chukua haki za wanawake katika ardhi. Tafiti nyingi za Tanzania Bara zimejengwa juu ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ambayo inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi. Sheria hiyo haifiki Zanzibar, ambako ardhi ina sheria yake ya mwaka 1992, na ambako mirathi ya Waislamu husikilizwa na Mahakama ya Kadhi. Mtu akiandika kwamba hitimisho la tafiti za Bara linategemea kuwapo kwa halmashauri ya kijiji, na kwamba Unguja inatupa nafasi ya kuona nini hutokea pale mgao wa ardhi unapopitia kwa kadhi, nitamsikiliza hadi mwisho, kwa sababu hapo Unguja inafanya kazi ndani ya hoja. Katika maandiko mengi ninayoyasoma, wilaya haifanyi kazi yoyote. Ukiifuta na kuweka nyingine, hakuna sentensi inayobadilika ila jina la barabara kuu inayopita hapo.

Andiko la mhadhiri wangu lilihusu vikundi vya wanawake vya kuweka na kukopa, na kichwa chake kilianza na "Changamoto zinazovikabili vikundi vya". Naomba tuzungumze kwa uwazi kuhusu vichwa vya namna hii. Mtafiti akienda uwandani kutafuta changamoto atazipata, na zitakuwa ukosefu wa mitaji, elimu ndogo ya utunzaji wa hesabu, wanachama wasiorejesha mikopo, na sera zisizotekelezwa. Mhakiki anaweza kuyaandika majibu hayo kabla mwombaji hajapanda basi. Utafiti ambao majibu yake yanajulikana kabla ya kuanza hauna sababu ya kugharimiwa, hata kama kila jibu ni la kweli.

Nilimwomba aliweke andiko kando anisimulie alichokiona katika vikundi hivyo, kwa sababu mama yake mzazi ni mwanachama wa kimoja. Akanieleza kuhusu sanduku la chuma lenye kufuli tatu, ambalo funguo zake hushikwa na wanachama watatu tofauti, hivi kwamba haliwezi kufunguliwa ila mbele ya mkutano. Fedha humwagwa mezani, huhesabiwa kwa sauti, na kila mmoja huona nani ameleta na nani hakuleta. Halafu akasema, kama jambo la kupita, kwamba vikundi vingine siku hizi vimeacha sanduku na vinatunza fedha katika akaunti ya simu, na kwamba mama yake haupendi utaratibu huo kwa sababu "hela huzioni, na anayedaiwa humwoni uso".

Nilimwambia kwamba andiko lake limo katika sentensi hiyo ya mama yake. Tuna maelezo zaidi ya moja kuhusu kwa nini watu maskini hurejesha mikopo ya vikundi bila kushurutishwa na mahakama. Maelezo mengine yanasema wanarejesha kwa sababu wanafahamiana na wana uhusiano wa muda mrefu wasiotaka kuuharibu. Mengine yanasema wanarejesha kwa sababu wanaonana wakilipa. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba jamii zinazofaulu kusimamia rasilimali zao kwa pamoja huwa na njia zao wenyewe za kufuatiliana. Vikundi vya sanduku vina kufahamiana na kuonana kwa pamoja, kwa hiyo kila tunapovichunguza hatuwezi kujua ni kipi kati ya viwili hivyo kinachofanya kazi. Simu imevitenganisha. Wanachama wanafahamiana kama zamani, lakini meza ya kuhesabia fedha haipo. Kama kufahamiana ndiko kunakobeba urejeshaji, vikundi vya simu havitatetereka. Kama ni kuonana, vitaanza kuyumba, na tutaona yumbo hilo kwanza kwa wanachama wanaokosa mikutano. Hayo ni matarajio mawili yanayopingana, na kazi ya uwandani inaweza kuonyesha lipi limeshindwa. Wilaya yake sasa ina kazi: inafaa kwa sababu ina vikundi vya aina zote mbili, katika kata zilezile, vinavyokopesha viwango vinavyokaribiana.

Bado mhakiki makini atauliza kama vikundi vilivyohamia kwenye simu si vile vilivyokuwa na uaminifu mkubwa tangu mwanzo, na swali hilo ni la haki. Ushauri wangu ni kuliandika mwenyewe kabla hajaliuliza, kueleza jinsi utakavyotafuta kumbukumbu za urejeshaji za kabla ya kuhama, na kukiri kwamba baadhi ya vikundi havitakuwa nazo. Waombaji wengi wanaamini kwamba kukiri udhaifu ni kumpa mhakiki panga. Katika majopo niliyoketi mambo yamekuwa kinyume: udhaifu unaotajwa na mwombaji huhesabiwa kuwa ukomavu, na uleule ukigunduliwa na mhakiki huhesabiwa kuwa kutojua.

Sielekezi lawama kwa vijana. Tabia ya kuandika "changamoto na mapendekezo" wameirithi kutoka kwenye ushauri elekezi, ambao kwa miaka mingi ndio uliowalipia wahadhiri wetu ada za watoto. Katika ushauri elekezi swali huja na mteja, tayari limekwisha kuulizwa, na kazi yako ni kukusanya majibu, kuyapanga na kupendekeza hatua. Mahmood Mamdani, akiwa mkurugenzi wa Taasisi ya Makerere ya Utafiti wa Jamii, alisema katika hotuba ya mwaka 2011 kwamba utamaduni huo unaudhuru utafiti wa vyuo vikuu kwa sababu utafiti huanza pale unapoliunda swali mwenyewe. Nakubaliana naye kabisa. Mtu aliyeandika ripoti kumi na tano za washauri hajafanya mazoezi ya kuunda swali hata mara moja, na hilo haliwezi kurekebishwa kwa semina ya siku mbili ya "uandishi wa maandiko" yenye posho na cheti.

Mengine nayapitia haraka kwa kuwa yameandikwa kwingi. Soma masharti kabla ya kuandika. Wakfu wa Wenner-Gren wa Marekani, kwa mfano, hufadhili anthropolojia tu, hupokea waombaji wa uraia wowote, na hailipi gharama za uendeshaji za chuo chako. Tofautisha ufadhili unaomlipa mtu ili apate muda na ruzuku inayolipia kazi ya uwandani, na usiombe kimoja kwa lugha ya kingine. Mpango wa Baraza la Utafiti wa Sayansi za Jamii la Marekani kwa ajili ya wahadhiri wa Afrika, ulioanza mwaka 2011, ulitenga fedha za kuandaa andiko, za kwenda uwandani na za kumalizia tasnifu, hivyo mwombaji alipaswa kujua yuko hatua ipi. Kuna pia mashirika ya Afrika ya utafiti wa sayansi za jamii: CODESRIA ya Dakar, lililoundwa mwaka 1973, na OSSREA ya Addis Ababa, lililoundwa mwaka 1980, yote kwa ajili yetu. Fuatilia matangazo yao kabla ya kukimbilia ya mbali. Kibali cha utafiti kutoka tume ya sayansi ya nchi yako, COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya, kihesabiwe katika ratiba tangu mwanzo.

Kuna mambo mawili ambayo sina uhakika nayo, na sipendi kuyaficha. La kwanza ni bahati. Mwaka 1981 Stephen Cole na wenzake walichapisha matokeo ya kupeleka upya maandiko 150 ya Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani, yakiwemo ya uchumi, kwa wahakiki wapya. Wakahitimisha kwamba karibu nusu ya hatima ya andiko hutokana na ubora wake na wa mwombaji, na nusu nyingine na nani alipangiwa kulisoma. Mwaka 2022 British Academy, taasisi ya Uingereza inayofadhili sayansi za jamii na taaluma kama historia, lugha na falsafa, ilianza kupiga kura ya bahati katika ruzuku zake ndogo, kwa maandiko yote yaliyovuka kiwango cha ubora. Mimi mwenyewe niliwahi kukataliwa andiko na mfadhili mmoja, nikalipeleka kwa mwingine mwaka uliofuata baada ya kubadilisha aya mbili, na likapita kwa alama za juu. Kwa hiyo siwezi kumwahidi mtu kwamba swali zuri litapata fedha. Ninachoweza kusema ni kwamba swali baya halifiki hata kwenye hiyo kura.

La pili linanisumbua zaidi. Ninapomwambia mwanafunzi aonyeshe mjadala ambao andiko lake linauingia, mara nyingi mjadala huo unaendeshwa katika majarida ya mbali, na watu ambao hawajawahi kuona sanduku la kufuli tatu. Mamdani alionya katika hotuba ileile kwamba Afrika inageuzwa kuwa mtoaji wa data ghafi, zinazosindikwa kwingine na kurudishwa kwetu zikiwa nadharia. Yawezekana kwamba kwa kuwafundisha vijana kuandika maandiko yanayopita, ninawafundisha pia kuyakata maswali yao yalingane na kabati la mtu mwingine. Bado sijalipata jibu. Kwa sasa ninawataka waanze na walichokiona wenyewe, kisha watafute nadharia inayotikiswa nacho. Mpangilio huo angalau unaacha swali kubaki lao.

Mhadhiri wangu ameifuta ile sentensi ya ukurasa wa pili. Mahali pake ameandika kuhusu kufuli tatu na meza ya kuhesabia fedha, na kuhusu kinachoweza kupotea pale meza inapoondolewa. Jedwali la sampuli bado ni tupu, kwa sababu hakuna orodha ya wilaya inayoonyesha ni vikundi vingapi vimehamia kwenye simu na lini. Jumamosi anakwenda kuhesabu, akianza na kata ya mama yake.