Animatiki ni nini, na kwanini uitengeneze kabla hujaanza kuchora katuni yako

Wengi tunaojifunza animesheni wenyewe nyumbani neno storibodi (hadithi iliyochorwa picha kwa picha) tunalikuta mapema, animatiki unakuja kuisikia ushaumia. Mimi niliisikia nikiwa nshamaliza sekunde 40 za konda anaita abiria pale Buguruni, zimechorwa vizuri balaa, jua linawaka, jasho mpaka kwenye kola, alafu nkaiunganisha na sini inayofuata, yaani kipande cha hadithi kinachofuata, nkaona ile ya konda nzima haina kazi. Ikatupwa.

Sasa animatiki yenyewe ni hivi. Unachukua michoro yako ya storibodi, ile ya harakaharaka kichwa duara mikono vijiti, unaipanga kwenye programu ya kueditia video, kila mchoro unaupa muda wake, chini unaweka sauti, unabonyeza plei. Hamna kinachotembea pale, picha zinabadilika tu kama zile slaidi za harusini, ila umeshaiona katuni yako nzima toka mwanzo mpaka mwisho na bado hujaichora.

Storibodi inakwambia kinatokea nini, kwa muda gani haikwambii. Na kwenye animesheni muda ndo pesa, ndo usingizi, ndo kila kitu. Piga hesabu mwenyewe: sekunde moja ina fremu 24, yaani picha 24 zinazopita kwenye skrini, wengi tunaubakisha mchoro mmoja kwa fremu mbili, kwahiyo ni michoro 12 kwa sekunde. Episodi ya dakika 3 inakuwa michoro 2,160. Ukirudi kazini jioni ukachora 30 kila siku bila kuruka (na umeme usikatike, haya) ni siku 72, hapo mhusika ni mmoja na mandhari ya nyuma hujaigusa. Zile sekunde zangu 40 zilikuwa michoro 480, yaani siku 16 za maisha yangu. Wale wa Ubongo Kids wanatoa katuni hapahapa Dar tangu 2014 lakini wale ni timu, wewe uko na laptopu yako na feni.

Ntakupa mfano. Kuna sini bibi kapanda daladala na kuku kwenye tenga, anasema "kituoni shusha", konda anagonga bodi mara mbili, anageuka, anamwangalia kuku, kuku nae anamwangalia. Kwenye storibodi ni picha nne na nlikuwa nacheka mwenyewe. Kuziweka kwenye animatiki, kule kuangaliana nkakupa sekunde 3, kukapoa kama chai ya jana. Nkapunguza ikawa sekunde 1, mtu hajui hata kaangaliwa nani. Nkaja kuongeza fremu 18 juu ya ile sekunde, alafu kuku akatoa "kok" moja tu, mdogo wangu akaangua kicheko. Fremu 18 ni robo tatu ya sekunde, na hiyo robo tatu ndo inatenganisha kichekesho na kitu cha kawaida, huwezi kuijua kwa kuwaza kichwani.

Sauti usisumbuke nazo. Mi narekodi kwa simu nimejifunika blanketi, bibi mimi, konda mimi, kuku mimi, honi za bodaboda zinaingia na nnaziacha, zitakuja kubadilishwa. Muziki ndo nakuomba usiweke mapema. Singeli ukiitupia chini kila kitu kinaonekana kina spidi hata kama sini imelala fofofo, utajidanganya.

Programu za kununua wala huhitaji, Blender ni ya bure na ina sehemu ya kueditia video humohumo, Krita nayo ya bure ina sehemu ya storibodi, na kama una simu tu basi hata programu yoyote ya kukatia video inatosha kupanga picha.

Kama ni siris na sio kipande kimoja, tengeneza animatiki za episodi mbili tatu kabla hujachora hata moja. Hapo ndo utaona vitu vinavyojirudia. Mimi picha ya ndani ya daladala kutokea mlangoni ilitokea mara 11 kwenye episodi tatu, kwahiyo nnaichora mara moja, vizuri, na siti zake zilizochanika na stika zake, alafu naitumia mpaka ichakae.

Alafu mwonyeshe mtu asiyechora. Usimwelezee chochote, kaa pembeni angalia uso wake, akishika simu yake andika ni sekunde ya ngapi. Mama yangu mdogo alishika simu kwenye sekunde ya 50, nkakata pale. Episodi ya kwanza iliyokuwa dakika 3 sasa hivi ina dakika 1 na sekunde 20, michoro 960, na jana usiku nimeanza na kuku.